Vijarida vya Baba Ghalani Sanyuanli

Watu wakimuuliza baba yangu kuhusu watoto wake, hujibu bila kusita: mmoja daktari, mmoja mkaguzi wa hesabu, na mmoja yuko China. Huyo wa China ni mimi. Kwa baba, kuwa China kulitosha kuwa kazi, cheo na maelezo, na mtu akizidi kumdadisi kwamba huyo wa China anafanya nini hasa, baba huomba apitishiwe chumvi.

Ninachofanya hasa ni kago. Nina ofisi ndogo katika jengo la maduka ya jumla Sanyuanli, hapa Guangzhou, na nyuma ya jengo nina sehemu yangu ya ghala. Wafanyabiashara wa Dar, Zanzibar na Tanga wakinunua vitu huku, vitu huja kwangu. Navipima, navipiga alama, navipanga kwenye kontena. Nimesafirisha viti vya saluni, mawigi, taa za kumbi za harusi, masinki, na safari moja sanamu ya farasi wa shaba ambaye mpaka leo sijui mnunuzi alimtakia nini. Ni kazi halali na naipenda, ila haisimuliki mezani mbele ya dada daktari.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kuonekana mtu wa maana mbele ya baba, niliidaka kwa mikono miwili bila kuuliza uzito wake.

Baba alipokuwa kijana, miaka ya sabini, alipelekwa mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza kusomea mitambo ya viwanda vya nguo. Huko alipanga nyumba moja na kijana wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi maktaba, na kijana huyo akamwambukiza ugonjwa wa katuni. Siyo kusoma tu, hapana. Wenyewe walikuwa na mtindo wa kutengeneza vijarida vya mashabiki: unapiga taipureta usiku kucha, unachapa kwa saiklostaili, unakunja, unabana pini mbili katikati, halafu unawatumia kwa posta wendawazimu wenzako mijini kote. Ndani mlikuwa na sifa kwa katuni hii, matusi kwa katuni ile, na michoro ya wenye kijarida. Baba na rafiki yake walitoa chao mezani jikoni, wakabadilishana na wengine vya kwao, na baba aliporudi Tanga alirudi na cheti kimoja, makoti mawili na sanduku zima la vijarida.

Kiwanda alichorudi kukifanyia kazi kilikuja kufungwa. Makoti yaliliwa na nondo. Sanduku lilibaki chini ya kitanda, na marehemu mama alikuwa akiliita bi mkubwa, kwa sababu lilimtangulia kuingia kwenye ndoa. Sisi watoto tulikatazwa kuligusa, nasi tulitii, kwa kuwa hatukuona ndani yake kitu cha kuliwa.

Nilipokwenda nyumbani likizo, mchwa walikuwa wamepanda mguu wa kitanda. Baba alilitoa sanduku sebuleni na kukaa akilitazama kama mtu aliyefiwa. Dada akasema vitu hivyo vinahitaji hifadhi ya kitaalamu. Kaka akasema siku hizi hifadhi ziko mtandaoni. Nami, nikiwa nimeshiba pilau na nimevimba kichwa kwa sababu shati langu lilikuwa jipya kuliko ya wote, nikasema waniachie mimi. Nitaviskani Guangzhou, nitajenga hifadhi ya mtandaoni, dunia nzima itavisoma.

Baba aligeuka akanitazama. Akasema neno moja tu: "Wewe?"

Nimetukanwa na wateja kwa lugha nne katika maisha yangu, lakini hakuna lililowahi kuniingia kama hilo. Palepale nikaapa moyoni kwamba nitamfanya mzee huyu aseme tofauti. Mwisho alikubali, maana mchwa hawangoji, lakini alinipa sharti alilolirudia mpaka mlangoni kwa teksi, kwamba virudi kama vilivyo. Nikajipiga kifua. Nilisema kazi yangu yote ni kufikisha vitu vya watu salama, na nilisema kweli.

Guangzhou nikaanza kwa kishindo. Nilinunua skana kutoka kwa muuzaji aliyeniapia kwamba inaskani mpaka mawazo. Nilijifunza kutengeneza tovuti kwa kutazama video za kijana mmoja Mhindi anayeongea kwa kasi kuliko dalali. Nilitangaza kwenye kundi letu la Watanzania wa hapa kwamba nimeanzisha hifadhi ya kimataifa ya vijarida vya mashabiki wa katuni za Uingereza za zamani. Kisha mtu mmoja akauliza kama vinafaa kufungia vyombo, na mwingine akauliza kontena linaondoka lini.

Seva niliyokodi ilikuwa nje ya China, na kwa sababu ya vizuizi vya mtandao wa huku, bila VPN, ile programu ya kuvipenya, tovuti yangu haikufunguka kwangu mwenyewe. Nilikuwa nimejenga nyumba ambayo ufunguo wake uko kwa jirani, na jirani hana ratiba. Kuna siku nilimpigia dada Dar kumwomba afungue aniambie kama hifadhi yangu bado ipo.

Lakini haukupita muda nikapata msomaji. Alikuwa mzee mmoja wa Kiingereza, mstaafu, mkusanyaji wa vijarida hivi tangu ujana wake, na aliniandikia barua pepe ndefu yenye heshima akisema kwamba baadhi ya matoleo niliyoyaweka alikuwa ameyakatia tamaa. Akanifundisha kazi. Nisitoe pini. Nisikandamize mgongo. Kwa kila toleo niandike akina nani walilitengeneza, lilitoka lini na lina nini ndani. Nilimjibu kwa Kiingereza cha suti na tai. Niliandika "sisi katika hifadhi" na "idara yetu ya picha," na chini nikaweka sahihi ya Mhifadhi Mkuu. Hao sisi wote walikuwa mtu mmoja aliyevaa singlendi, anayekula tambi za kikombe, na idara ya picha ilikuwa juu ya ubao wa kupigia pasi.

Sehemu ya kuandika kila toleo lina nini ndani niliimaliza kwa ujuzi wangu wa orodha za mizigo. Nilikuwa nafungua kurasa mbili tatu, naona roketi, naandika "roketi." Naona watu wamevaa bukta, naandika "mpira, vichekesho." Palipokuwa na maneno mengi nikaandika "maoni mbalimbali," ambalo ni jina la heshima la kile ambacho kwenye makaratasi ya forodha tunakiita bidhaa mchanganyiko. Kazi ilikwenda haraka ajabu. Nikawa nampigia baba na kumwambia tumefika nusu, naye anauliza "mmefika nusu, wewe na nani?"

Halafu ikaja ile miezi ya mwanzo wa mvua. Mtu ambaye hajakaa Guangzhou hawezi kuamini kwamba ukuta unaweza kutoa jasho. Sakafu inalowa bila kumwagiwa maji, nguo hazikauki, mkate unaota ndevu. Nikaona vijarida vinaanza kujikunja kona. Ghalani, ghorofa ya juu, kuna chumba cha vifaa vya umeme chenye mashine ya kukausha hewa, kwa hiyo nikavibeba nikaviweka huko ndani ya katoni. Katoni yenyewe sikuipiga alama, kwani haikuwa mzigo wa mteja. Ilikuwa urithi.

Hapa lazima nieleze alama ni nini. Mzigo wowote unaoingia ghala la kago unaandikwa kwa maka peni alama ya mwenyewe, sisi tunaiita maki, ili usichanganyike na wa wengine. Yangu ni TAUSI DAR ndani ya kiboksi. Kuna mwaka robota moja la mteja wangu liliingia bila maki, likapakiwa na vitu vya Wakongo, likaenda kuuzwa Lubumbashi. Siku hiyo nilimfokea mama mwenye ghala, mwanamke wa Hunan tunayemwita laoban niang, yaani mama bosi, mpaka mshipa ukanitoka shingoni. Nikamwekea sheria mbele ya wafanyakazi wake: kuanzia leo, chochote changu kikiingia hapa, kila kipande kipigwe maki. Kila kipande. Nilipiga na meza.

Basi nikaenda Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, kusimamia upakiaji, nikalala huko. Niliporudi, laoban niang alinipokea kwenye ngazi akitabasamu. Alinieleza kwamba ile katoni yangu ya karatasi ililainika chini, ikapasuka, na vijitabu vikamwagika katikati ya mzigo wa watu. Wasaidizi wake walitaka kuvifunga tu kwa kamba. Yeye akakataa, akaikumbuka sheria yangu, akakaa mwenyewe na maka peni.

"Mei wenti," aliniambia, yaani hakuna tatizo. "Sasa hata kimoja hakipotei."

Vilikuwa vimepangwa vizuri juu ya jukwaa la mbao la kupangia mizigo. Kila jalada, kwa wino mweusi usiofutika, limeandikwa TAUSI DAR ndani ya kiboksi. Chini yake namba, kwa mfuatano, kama katoni. Na kwa kuwa ni mwanamke mwangalifu, pembeni alichora mshale wa kuonyesha upande wa juu, na kwenye vile vilivyoonekana vikongwe zaidi aliongeza herufi za Kichina za kusema usikanyage.

Nilitaka kufoka, nikakumbuka nilishafoka, na haya ndiyo yalikuwa matokeo ya kule kufoka kwangu. Nikamshukuru. Nilikaa juu ya robota la soksi, na kitu pekee kilichokuwa kichwani ni sauti ya baba mlangoni kwa teksi.

Mtu mwenye akili angempigia simu baba siku ileile. Mimi nilinunua spiriti. Nikachukua kijarida kimoja chenye picha ya mchezaji mpira juu ya jalada, nikachovya pamba, nikafuta taratibu. Baada ya dakika chache maki ilikuwa palepale, nyeusi tii. Aliyeondoka ni mchezaji.

Nikaacha pamba nikashika kompyuta. Nikasema potelea mbali, angalau ile nusu niliyokuwa bado sijaiskani isafishike mtandaoni. Nikajifunza kufuta maki kwenye picha kwa kunakili kipande cha jirani na kukibandika juu yake: mbingu kwa mbingu, nyasi kwa nyasi. Nilikuwa najiona fundi. Nilipandisha majalada mapya, safi kama yametoka kiwandani jana, na yule mchezaji aliyeondoka nikamfufua kwa kutumia skani niliyokuwa nimeifanya zamani kidogo, yenye kivuli, ambayo nayo niliitengeneza hapa na pale.

Mzee wa Kiingereza akaandika ndani ya siku chache. Alikuwa na swali dogo. Kwenye jalada la toleo fulani, mchezaji ana miguu mitatu, ilhali katika nakala aliyoiona ujanani alikuwa na miwili. Je, inawezekana hifadhi yetu imegundua toleo tofauti ambalo halijulikani?

Nilitazama. Kweli, nilipokuwa nabandika nyasi nilikuwa nimebandika na mguu. Hapo palikuwa na mlango wazi wa kusema ukweli, na mzee yule alikuwa amenishikia kwa adabu zote. Nikamjibu kwamba suala hilo linafanyiwa uchunguzi na idara ya picha. Basi akawaambia wenzake. Wazee kutoka miji ambayo siwezi kuitamka wakaanza kujadiliana kwenye tovuti yangu kuhusu mguu wa tatu: mmoja anasema ni kosa la mashine, mwingine anasema ni dhihaka ya makusudi ya kisanaa, wa tatu anasema alikuwa nayo nakala hiyo ikapotea wakati wa kuhama. Wageni wa tovuti waliongezeka kuliko wakati wowote. Naona haya kusema kwamba nilifurahi.

Ndipo baba akapiga simu. Mjukuu wake alikuwa amemfungulia hifadhi kwenye simu yake. Nilisubiri sifa nikiwa nimekaa wima.

Alisema ameona, na kwamba majalada yamekuwa masafi kuliko alivyoyaacha. Kisha akasema anakuja kuvichukua.

Nikamwambia asisumbuke, nitavipeleka kwa kontena, bima juu. Akasema kontena ni la masinki, na yeye anakuja mwenyewe. Njia rahisi ya viza ilikuwa maonyesho makubwa ya biashara ya Pazhou, ambako wanunuzi wa dunia nzima hukutana na viwanda mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo nikamwombea mwaliko. Hivyo ndivyo fundi mitambo mstaafu wa Tanga, asiyenunua kitu zaidi ya gazeti na tambuu, alivyoingia China akiwa mnunuzi wa kimataifa, na kitambulisho kimemning'inia shingoni.

Nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa kumchosha. Nilimpeleka Pazhou, nikamzungusha kumbi zote. Kwenye ukumbi wa mitambo ya nguo alisimama mbele ya mashine moja mchana mzima, akiongea na fundi wa kiwanda kwa vidole, huku binti wa mauzo akimfuata na kitabu cha bei akidhani amepata mteja wa mwaka. Nilimpeleka mtoni. Nilimpeleka kwenye mnara. Nilimpeleka hata Xintang akaone jinzi, mzee wa watu, na miguu ikamvimba kwenye viatu. Kila alipogusia vijarida nilisema viko salama ghalani, tutakwenda, kwanza aone hili. Usingizi ulinipaa. Nilikuwa nikimtazama akinywa chai nawaza kwamba hii ndiyo chai ya mwisho ya mzee anayenidhania mtu.

Ijumaa, tulipotoka msikitini, alisimama kwenye kivuli cha ukuta akarekebisha kofia.

"Umenionyesha mji wote," akasema. "Sasa nionyeshe nilichofuata."

Njia nzima ya metro nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na utangulizi kuhusu hali ya hewa, sehemu ya kati kuhusu taratibu za maghala, na hitimisho lenye aya ya Kurani. Tulipofika ghalani, laoban niang alimpokea baba kwa chai na kiti kizuri, akamwamkia kwa kumshika mikono miwili. Kisha, kabla sijafungua mdomo, akapanda juu mwenyewe akavileta vijarida vyote, akavipanga mezani, na kwa ishara akamwonyesha baba maka peni, kisha akajionyesha yeye. Ni mimi niliyeviandika, yaani. Alikuwa anangoja shukrani.

Baba alichukua cha juu. Akakigeuza. Akachukua cha pili. Sikumbuki tena utangulizi wangu ulikwenda wapi. Nilisikia tu nikisema baba, baba. Akainua kiganja kuninyamazisha, akaendelea kutazama mpaka cha mwisho, pamoja na kile nilichokifuta kwa spiriti. Akauliza mshale ni wa nini. Nikamwambia ni kuonyesha upande wa juu. Akauliza herufi zinasemaje. Nikamwambia zinasema visikanyagwe.

Akamgeukia laoban niang akainamisha kichwa, kwa heshima kabisa, naye akafurahi akatuongezea chai na kwenda kwenye shughuli zake.

Nikamweleza yote. Sheria yangu, robota la Lubumbashi, spiriti, mguu wa tatu, wazee wa mtandaoni. Kwenye mguu wa tatu mabega yake yalitikisika. Akasema rafiki yake wa maktaba, aliyechora jalada lile na aliyefariki miaka mingi sasa, hakuwahi kujua kuchora miguu, wengi aliwasimamisha kwenye majani marefu, na angelipa nauli kuuona mjadala ule. Nilianza kuvuta pumzi. Nikadhani nimevuka.

"Umevisoma?" akauliza.

Nikasema nimeviskani vyote.

"Sijakuuliza hivyo."

Nilitazama meza. Nilikuwa nimevibeba kwa ndege, nimevipima, nimevikausha, nimeviskani ukurasa kwa ukurasa, nimevipa namba, nimevikodia seva, nimevipandisha mpaka wazee wa nchi baridi wakavigombea. Kusoma, sikuwa nimesoma hata kimoja. Wala haikuwahi kunijia kwamba ni jambo la kufanya. Aibu iliyonishika pale ni tofauti na ile ya maki; ile ilikuwa ya moto na kelele, hii ilinikaa tumboni imetulia. Miaka yote nilitaka mzee huyu anione mtu wa maana, na yeye alikuwa amenipa sanduku lenye ujana wake wote nikaliandika bidhaa mchanganyiko.

Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa nafuu. Alipekua akatoa kimoja, akafungua katikati penye pini, akanisukumia. "Soma," akasema.

Ilikuwa katuni aliyoichora mwenyewe. Nilikuwa nimeiorodhesha "mpira, vichekesho." Ni kuhusu golikipa wa timu moja ambayo wenzake wote wako upande wa pili wa uwanja, toleo baada ya toleo, na mpira haumfikii kamwe. Mvua inanyesha kila mara. Golikipa hana la kufanya, kwa hiyo anaongea na mlingoti wa goli. Anauamkia asubuhi. Anausimulia ndoto zake. Kwenye picha moja anauuliza mlingoti, sasa hivi nyumbani wanakula nini? Mlingoti haujibu, kwa vile ni mlingoti, naye anasema, hata mimi nadhani ni samaki.

Nilicheka. Nilisoma kwa sauti, Kiingereza changu kikijikwaa, na baba akinirekebisha matamshi bila kutazama karatasi, maana alikuwa anakijua chote kwa moyo. Akaniambia Waingereza walikuwa wanaipenda sana katuni ile. Walikuwa wanaandika kutoka huko na huko kwamba hawajapata kuona kichekesho kama hicho. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza kaitoa wapi.

Nikageuza ukurasa, na sikuweza tena kucheka. Baba yangu ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno moja baya kuhusu miaka yake ya Uingereza, zaidi ya kwamba treni zilikuwa zinawahi, alikuwa pale kwenye karatasi ya saiklostaili, umri mdogo kuliko wangu wa sasa, amesimama peke yake kwenye tope na glavu kubwa mikononi. Niliendelea kusoma kwa kuwa niliogopa nikinyamaza ataniona.

Alikuwa ananitazama tayari.

"Na wewe," akasema, "huku unaongea na nani?"

Nikataka kujibu kwamba naongea na watu kutwa nzima, simu haitulii, wateja, madereva, mawakala wa bandari. Akasema hao ni wa kupatana nao bei. Anauliza wa kuongea naye.

Ghalani kuna mizani ya umeme inayosema. Ukiweka mzigo, sauti ya mwanamke inatamka kilo kwa Kichina. Jumapili, laoban niang akiwa hayupo na jengo limenyamaza, huwa nakwenda kupima vitu ambavyo si lazima vipimwe siku hiyo. Huyo wa mizani anasema kilo, mimi namwambia asante dada, na habari za tangu jana. Sijawahi kumweleza mtu yeyote jambo hilo, na sijui kwa nini nilimweleza baba, mchana kweupe, mbele ya mawigi ya watu.

Nilimwambia naongea na mizani.

Nilitegemea acheke, nami nicheke, tuondoke. Hakucheka. Aliitazama mizani kule pembeni, akaniambia kwamba mlingoti wake angalau haukuwa unampima. Kisha akakokota kiti chake mpaka kikagusana na changu, akakishika kijarida upande mmoja ili mimi nishike wa pili, na kuniambia niendelee, ila taratibu, maana nilikuwa naruka maneno.